Kisu Kisichoota Moto

Kwa heshima zote anazostahili marehemu, natangaza kifo cha kibanja chetu cha migomba cha Ihembe. Marehemu ameacha mgane mmoja, naye ni baba yangu, Mzee Adelard, ambaye kwetu ni Tata.

Asiyekiona kibanja kile alikosa kitu. Migomba ilizunguka nyumba hadi mlangoni, majani yakashikana juu kama dari, na mwanga uliotufikia chini ulikuwa wa kijani. Ukungu wa asubuhi uliposhuka tulielea humo kama samaki, tukisikia sauti za watu bila kuwaona. Katikati ndipo alipolala babu, kaburini mwake. Na humo, kabla hatujaamka, Tata alikuwa tayari anapogoa. Kisu chake chembamba kilipita, jani kavu likaanguka taratibu, akasogea kwenye mgomba unaofuata kama padri anayegawa komunyo. Watu walimwomba awapitie vibanja vyao. Alikwenda, na hakudai kitu ila kusifiwa.

Likizo ya Juni nilikuta mnyauko, ugonjwa wa migomba, umeingia kata ya jirani. Bwana shamba akatukusanya, akaeleza kwamba ugonjwa husafiri na utomvu unaobaki kwenye kisu. Ukimaliza mgomba mmoja, pitisha kisu motoni kabla ya kugusa mwingine.

Tata akasimama. "Kisu hiki nilipewa na baba yangu. Hakijawahi kuugua. Wenye mikono michafu ndio wapashe moto."

Watu walicheka. Alikipenda sana kicheko kile.

"Baba Mackrine, huo moto utakupunguzia nini?" Mama alimuuliza tulipofika nyumbani.

"Jina."

Mimi Mackrine, kwa elimu kubwa niliyopewa na masista wa bweni, nikaandaa hafla. Alfajiri nikawasha jiko la mkaa, nikafunga maua kwenye mshikio wake, nikalisimamisha katikati ya kibanja pamoja na kipande cha boksi kilichoandikwa: *Mheshimiwa Kisu, karibu uote moto. Baridi ya Ihembe itakumaliza.*

Tata alisoma polepole, mpaka mwisho. Kisha akalipiga jiko teke. Makaa yakatawanyika kwenye umande, yakazima moja baada ya jingine.

"Shuleni wanakufundisha kunicheka?"

"Hapana, Tata. Wanatufundisha kunawa mikono."

Alinyanyua mkono anichape, akajikuta anacheka, nami nikadhani nimeshinda. Wiki ileile alivuka bonde kwenda kumpogolea mjomba Dastan, kaka yake Mama. Jiko aliliacha nyumbani.

Niliporudi Desemba nilidhani nimepotea njia. Juu ya nyumba yetu kulikuwa na mbingu.

Mama alinisimulia huku tukimenya ndizi za kununua, jambo ambalo sikuwahi kuliona jikoni kwetu. Majani yalianza kuwa ya njano, yakaning'inia kama nguo mbichi. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, na ukizipasua, ndani zimeoza. Ulianza mgomba wa karibu na mlango, ukafuata wa pili yake, kisha unaofuata, kwa njia ileile aliyopita Tata kila asubuhi. Alipoitambua njia hiyo, alikata yote, peke yake.

Nilimkuta ameketi karibu na kaburi la babu. Jua lilikuwa linalipiga kwa mara ya kwanza, na kaburi lilionekana dogo.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Kwa mjomba wako nako kumeanza."

"Kumeanzia wapi?"

"Pale nilipoanzia mimi."

Akang'oa nyasi kando ya kaburi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Lile jiko lako bado lipo?"

Kesho yake alfajiri nililiwasha. Hakukubali nilibebe. Tulishuka bondeni, ukungu ukatumeza, na kwa muda sikuona kitu cha Tata ila makaa mekundu yakielea mbele yangu kama jicho. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye weupe ule: "Mzee Adelard, unakwenda kuchoma mahindi?"

"Kuchoma kisu."

Mwanamke hakujua kama acheke.

Mjomba Dastan alikuwa kwenye lango lake.

"Shemeji," Tata akasema, "kisu changu ndicho kilichowaletea. Nimekuja kukata migomba iliyougua. Nitakipasha moto kwa kila mgomba."

Mjomba alilitazama jiko, akakitazama kisu. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Karibu ndani, shemeji. Mke wangu Restuta ameshapika, mle, mpumzike." Akavuta pumzi. "Ila kibanjani usiingie."

Tata akaitikia kwa kichwa. Akaliweka jiko chini, pale pale migomba inapoanzia, akachuchumaa, akakilaza kisu juu ya makaa. Nilikuwa na mzaha mzuri sana mdomoni. Niliumeza. Alikigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili, kwa uangalifu uleule wa asubuhi zote, na mbele yake majani ya watu yakaendelea kupepea ndani ya ukungu.