Tuko Peke Yetu

Siku aliyohamia chumba chake mwenyewe, Kitinda alibeba kikombe kimoja, sahani moja na kiti kimoja. Jina hilo alibandikwa kwa kuwa ni kitindamimba wa nyumba iliyojaa watu, nyumba ambayo kaka mkubwa akisema "tutaosha vyombo," anayeosha ni Kitinda. Kazi yake ilikuwa kupamba keki dukani, kutwa nzima amesimama. Jioni hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: aketi kwenye kiti chake, aseme "nimechoka," na asitokee mtu wa kumjibu kwamba wote wamechoka.

Aliketi, akavua viatu, akafungua mdomo.

"Tumechoka," akasema.

Akarudia polepole. Ikatoka vilevile. Ng'ambo ya soko, nyumbani kwao, watu wote waliketi kwa mpigo. Shangazi aliketi juu ya ndoo. Kaka mkubwa hakusumbuka, maana alikuwa amelala tayari.

Asubuhi mwenye nyumba alimsimamisha mlangoni. "Humo ndani unakaa na nani?"

"Tuko peke yetu."

Mwenye nyumba akaingia, akachungulia uvunguni, hakuona mtu. Akasema si neno, ila wasimwage maji ovyo.

Dukani, bwana mmoja aliagiza keki ya mchumba wake iandikwe "Nakupenda." Kitinda akaminya sukari kwa uangalifu wote, ikaandika "Tunakupenda." Bwana akaitazama, akasema ni kweli, hata mama yake anampenda sana yule binti, akaondoka na keki yake.

Basi Kitinda akaenda kwa daktari. Daktari alimmulika kooni, akazima tochi.

"Koo ni zima," akasema. "Tatizo ni ukoo." Hakumwandikia dawa.

Kwao walizoea upesi. Alfajiri Kitinda akisema "tumeamka," wote wanasimama, na kaka mkubwa alionana na asubuhi baada ya miaka mingi, akaiona ina baridi. Kitinda akisema "tumeshiba," sufuria inarudishwa jikoni imejaa. Siku moja shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, leo usishibe mapema. Kuna nyama."

"Haya, shangazi. Tutasubiri."

Na ukweli ni kwamba alifurahi. Chumba kile kikinyamaza, upweke ulimkaba. Lakini akisema "tunalala," alijua kwamba ng'ambo ya soko watu wake wote wanavuta shuka. Alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Ila kale kaneno kake kamoja, "nimechoka," bado kalimwasha ulimini.

Jumapili akaenda kwao kula. Chakula kilipoisha, vyombo vikabaki mlima.

"Tutaosha," kaka akasema, akahamia kwenye kochi.

Kitinda akasimama kwenye sinki, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Tunaosha!"

Sebuleni mikono yote ikainuka. Baba akasugua hewa. Shangazi akaisuuza, akaikung'uta. Kaka, chali kwenye kochi, alisugua mpaka jasho likamtiririka. Wakacheka hadi machozi, na Kitinda naye akacheka akishikilia sinki asianguke. Vyombo havikusogea. Akaviosha.

Alipomaliza sahani ya mwisho, mama aliingia jikoni, akijifuta mikono yake mikavu.

"Umechoka, mwanangu?" akamwuliza kwa upole.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, yeye kama yeye. Kitinda alitaka sana kumjibu mama yake sawasawa. Akaupanga ulimi, akalitafuta lile neno, akalisukuma kwa nguvu zake zote.

"Tumechoka, mama."

Sebuleni wote wakashusha pumzi.

"Acha tu," kaka akasema, akinyoosha miguu. "Leo tumeosha kweli."