Piga Pasi

“… na sinyanyuki! Mlete hata winchi, kwenye kiti hiki sitoki, ng’o!”

Ukumbi mzima wa michezo ya kompyuta ukaangua kicheko. Aliyesema hivyo ni Fundi, yule dada mshona nguo wa duka la jirani, futi kamba bado inaning’inia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Kakalia kompyuta ya dirishani, ile isiyogandaganda, na mbele yake kuna bahari ya bluu mpaka basi na meli mama iliyobeba ndege za kivita.

Aliyemwambia anyanyuke ni fundi simu, wanayemwita Jenerali. Huyo ndiye nahodha wa timu ya mtaa tangu timu ianze, na Jumamosi wanacheza na mtaa wa pili. Kosa la Fundi ni moja tu: kasema anautaka unahodha. Hakuomba kuwekwa akiba wala kushangilia. Unahodha!

“Dada, hii ni vita ya meli na ndege,” Jenerali akasema. “Siyo kupunguza kiuno cha sketi.”

“Kiuno chako mwenyewe mbona kila mwezi unaniletea nikiongeze?”

Weee! Watu mbavu hawana. Jenerali akavimba kama andazi, akatoa sharti hapo hapo: wacheze sasa hivi, wawili kwa wawili. Fundi akishinda, unahodha wake. Akishindwa, asikanyage tena pale ukumbini.

“Sawa,” Fundi akajibu, kavu. Lakini sharti lenyewe, jamani, si dogo. Saa ile moja ya mapumziko, akiwa na meli zake, ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu anayemwambia “hapa panabana, hapa panapwaya.” Leo kaiweka mezani yote.

Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, wanayeshona naye meza moja. Jenerali akamchukua muuza viatu.

Sasa, ukumbi wenyewe mdogo, mnakaa mgongo kwa mgongo, na kila amri unayotoa adui anaisikia. Hapo ndipo Jenerali alipowamalizia watu wengi. Ukisema “kushoto,” yeye keshafika kushoto anakungoja.

“Wifi,” Fundi akanong’ona, “leo tunaongea cha dukani.”

“Nimekupata.”

“Kunja pindo!” Meli ndogo za wifi zikajibana ukingoni mwa kisiwa. “Fumua!” Ndege zikatawanyika. “Bana kiuno!” Manowari mbili zikaziba mlango wa bahari.

“Wanasema nini hawa?” Jenerali akauliza.

“Mi najua?” akajibu muuza viatu. “Labda kuna gauni la mtu wanalimalizia.”

Ila Jenerali si mtu wa kuchezewa. Manowari za wifi akazizamisha, moja, ya pili. Meli mama ya Fundi ikaanza kufuka moshi. Wakabakiwa na zile meli ndogo za wifi na ndege kumi na mbili, na meli mama ya Jenerali imezungukwa na manowari zenye mizinga ya kutungulia ndege, hapapiti hata nzi. Fundi akakisogelea kioo. Nyuma yake mtu akasema, “Kwaheri, dada, utusalimie cherehani.”

Ah, hapo ndipo alipomchokoza!

“Wifi!” Fundi akapiga kelele. “Piga pasi!”

Jenerali akaruka kitini. Hatimaye neno analolijua! Mtu wa mpira yule, kila Jumapili anacheza kiungo. “Anampa wifi yake ndege! Zuia pasi! Zuia hiyo pasi!” Akazing’oa manowari zote za ulinzi, akazipanga katikati, kati ya meli ya Fundi na zile ndogo za wifi. Ukuta safi kabisa.

Pasi ya mpira wapi! Dukani kwao pasi ni moja tu, ile ya moto. Ndege zote kumi na mbili zikashuka chini chini, zikaikuta meli mama ya Jenerali iko peke yake, zikaipitia kwenda, zikaipitia kurudi, kwenda, kurudi, mpaka isibaki kunyanzi. Ikainama. Ikazama, na meli mama ikizama mchezo umekwisha.

“Haihesabiki!” Jenerali akafoka. “Hiyo siyo lugha ya vita!”

Fundi akageuka na kiti chake polepole. “Ni lugha ya nahodha wako. Jumamosi utaifuata au utakaa nje. Chagua.”

Mwenye ukumbi akafuta jina la Jenerali kwenye ubao wa timu, pale pa nahodha. Fundi akamwambia aandike lake kwa herufi kubwa, asome hata aliye ng’ambo ya barabara.

Wifi keshashika simu, anampigia mama yake. “Mama! Mkweo amekuwa nahodha!”

“Nahodha? Hata kuogelea hajui!”

“Mama, we acha tu! Kesho nakuja, nakaa hapo jikoni nakupa yote, na alivyolia Jenerali pia. Sasa hivi nahodha ananiita, na yule kungojeshwa hataki!”