Ukurasa wa Pili wa Kunguru

Fundi miwani alikuwa amebana bisibisi kwa meno, ananyoosha mguu wa miwani ya mteja, barua pepe ilipoingia. Ombi lake limekubaliwa. Kwa miaka sita alikuwa mhariri wa kujitolea katika kamusi elezo ya mtandaoni, kazi isiyo na mshahara, isiyo na likizo na, kwa maneno ya mkewe, isiyo na maana. Sasa wahariri wa aina yake wamefunguliwa maktaba za utafiti za kulipia, zaidi ya arobaini, na zote zinafunguka kwa kuingia mara moja tu, kwa neno la siri lile lile la kuhariria. Kichwa kikamvimba. Mteja aliondoka na miwani imekaa upande.

"Basi angalia kama yule kunguru wenu yumo," mkewe akamwambia kwenye simu, alipompigia kumpa habari.

Ulikuwa utani, lakini haukuwa utani mtupu. Kaka wa mkewe, mchora mabango, alikuwa na miaka miwili hajakanyaga nyumbani kwa fundi. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye uhariri. Shemeji akaandika kwenye makala ya kunguru kwamba kunguru hukumbuka sura ya mtu. Alijua, kwa sababu aliwahi kutoa kiota kwenye bango, na tangu hapo kunguru mmoja akawa anamvamia yeye tu kila asubuhi, wenzake hawagusi. Fundi akafuta. Shemeji akarudisha. Fundi akafuta mara saba, akiweka marejeo ya utafiti wa kitaalamu, kisha akaita wasimamizi na shemeji akafungiwa asihariri tena. Siku hiyo fundi alitembea kifua mbele kama aliyeokoa elimu ya dunia nzima.

Asichomwambia mtu ni kwamba utafiti ule alisoma ukurasa wa kwanza tu, ule unaoonyeshwa bure. Uliishia hivi: "Kwa muda mrefu imeaminika kwamba kunguru hawezi kumtambua mtu kwa sura." Kwake yeye ilitosha, yeye ambaye kutwa nzima huwahimiza wateja wasome herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho.

Akaingia maktabani. Utafiti ukafunguka wote, kurasa kumi na moja. Ukurasa wa pili ulianza na "Hata hivyo".

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hata hivyo" ilikuwa pale pale, na nyuma yake majaribio yaliyoonyesha kwamba kunguru alimtambua aliyemkamata hata baada ya miaka. Akawaza kunyamaza. Nani atajua? Jibu likamjia haraka kuliko alivyopenda: wahariri wote waliopewa mlango huo huo, tena wabishi kama yeye. Lakini kilichomuuma zaidi ni mkewe, ambaye miaka miwili amekuwa akienda kumwona kaka yake peke yake, kama mtu asiye na mume.

Akairudisha sentensi ya shemeji. Kwenye nafasi ya kueleza sababu ya badiliko akaandika: "Aliyeifuta hakuwa amesoma. Ni mimi." Akazichapa kurasa zote za utafiti kwenye karatasi, akafunga duka.

Shemeji alikuwa juu ya kigoda, anapaka herufi za bango la saluni. Hakugeuka.

"Shemeji, ulikuwa sahihi kuhusu kunguru."

"Najua."

"Nimeleta utafiti wenyewe. Mimi nilisoma ukurasa mmoja tu."

Brashi ikasimama. "Kwa hiyo leo umeniamini kwa sababu karatasi imesema?"

Fundi akazishusha karatasi.

"Sikununa kwa ajili ya kunguru. Nilikwambia nimeona kwa macho yangu, nikakuonyesha na kovu kichwani, wewe ukanidai marejeo. Mimi, kaka wa mke wako."

Njiani fundi alikuwa amepanga maelezo marefu, mengine mazuri kweli, yenye hoja tatu tatu. Yote yakamyeyuka.

"Nimekukosea, shemeji. Nisamehe. Njoo nyumbani."

Shemeji akashuka, akajifuta rangi, akanyoosha mkono. Fundi akauwahi kwa furaha aushike, kumbe mwenzake alikuwa anataka karatasi.

"Ngoja nisome zote kwanza," shemeji akasema. "Ndipo nitakujibu."

Akaketi kwenye kigoda, akaanza ukurasa wa kwanza, taratibu, kidole kikifuata mstari, na fundi akasimama pale juani kurasa zote kumi na moja.