Kitenge cha Jubilei ya Padre Zenon

Halmashauri ya parokia ilinipa mimi kazi ya kuchagua mchapaji wa kitenge cha jubilei ya Padre Zenon, kwa sababu mimi husoma kitu mpaka mwisho kabla ya kusaini. Nilijifunza hivyo katika madarasa ya jioni. Pamoja na kazi hiyo nilipewa heshima niliyoitamani miaka mingi: kusoma risala baada ya mahubiri. Mama Coleta, mwenyekiti wa akina mama, aliitamani pia.

"Kitenge kikiharibika, Mzee Evaristi," alisema mbele ya wote, "risala nasoma mimi."

Nikakubali.

Zikaja sampuli mbili. Mchapaji wa hapa Sumbawanga aliweka picha moja ya Padre, chini kabisa kwenye pindo. Yule wa Mbeya alimtawanya nguo nzima, kila Padre mkubwa kama sahani, anatabasamu.

"Tuchukue ya pindo," alisema Coleta. "Padre mwenyewe ni mmoja. Hawa wote wa nini?"

"Pindo linaburura matope, mama. Unataka paroko wetu aburuzwe?"

Hata hivyo nilizipima kisayansi. Nilifua, nikachemsha, nikapiga pasi ya mkaa, nikaanika kwenye upepo wetu wa Julai unaong'oa mabati. Padre wa Mbeya hakupauka hata nyusi. Nikamchagua.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa akina Padre Zenon: vifuani, migongoni, vilembani. Ukafika wakati wa masomo, na hakuna aliyekaa.

"Kaeni, wapendwa," alisema Padre.

Bibi Justa, aliyekuwa mbele, akavuta gauni lake kwa nyuma, akalichungulia.

"Baba, nitaukaliaje uso wako?"

"Nimekuruhusu, bibi."

"Wewe umeruhusu. Huyu wa huku nyuma bado ananicheka."

Akina mama wote wakajichungulia. Sisi wanaume, wenye mashati tu ya kitenge hicho, tukaona aibu kukaa peke yetu. Padre, ambaye huhubiri saa nzima, alianza mfano wa mpanzi akamaliza kabla mbegu hazijaota.

Coleta, akiegemea benchi, akaninyooshea mkono.

"Lete risala, mzee. Kitenge kimeharibika."

"Kimepauka wapi?"

"Miguu inatuwaka moto! Hutafika ukurasa wa pili, watu watakuwa nje."

Kweli, wa nyuma walishaanza kuusogelea mlango. Nikaikunjua risala. Hapo miguu ya Bibi Justa ikachoka, akapiga magoti sakafuni. Akajipapasa nyuma.

"Hapa simkalii mtu," akatangaza.

Kanisa zima likashuka, kama ulezi uliolazwa na upepo.

Nikasoma kurasa zote, na ile ya marejeo. Nimesikiliza risala nyingi mkoani Rukwa, hata za wakubwa; sijaona nyingine iliyosikilizwa kwa magoti.

Nilipomaliza, Coleta akanivuta suruali kutoka pale chini.

"Namba ya huyo wa Mbeya unayo? Mikutano yetu watu wanasinzia mno."