Ya Mzani

Mama Mikate hakuwa mtu wa kupandisha bei hovyo. Unga ulipopanda, alipunguza donge kidogo, bei ikabaki ileile, na wateja wakajifanya hawaoni. Lakini donge nalo lina mwisho wake. Juzi jirani yake aliugeuzageuza mkate mkononi akauliza, "Shoga, huu mkate au kifungo cha koti?" Watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, ila moyo ulimuuma, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanapungua, na tanuri lile alilolijenga kwa jasho lake lilikuwa njiani kuzimika.

Akajitanda kanga, akaenda kumvaa muuza unga wa jumla.

"Mavuno mazuri, mafuta hayajapanda. Unga umepandia nini?"

"Dada yangu, usinitolee macho. Hapo ndani kuna ya mzani."

"Ya mzani ndiyo nini?"

Mzee wa watu alimshangaa. "Pale barabarani, malori yanapopimwa. Hata uzito ukiwa halali, bila kitu kidogo kwa msimamizi hupiti, utakaa hapo mpaka unga uingie wadudu. Dereva anatoa, ananiongezea mimi, mimi nakuongezea wewe. Na mwezi huu msimamizi kapandisha. Eti maisha yamekuwa magumu."

Msimamizi wa mzani ule alikuwa mume wa Mama Mikate. Nyumbani pesa ile iliitwa marupurupu, na kila mwezi alimegewa fungu lake la kuongezea unga, akashukuru kabisa, akijiona kapata mume anayejali. Kumbe alikuwa anarudishiwa kipande cha pesa yake mwenyewe! Alirudi na hasira, na zaidi ya hasira, aibu.

Jioni mumewe alivua viatu, akaweka noti mezani.

"Haya, kaongezee unga. Nasikia umepanda tena. Nchi hii inatupeleka wapi?"

Hakuzigusa. "Hii ndiyo ya mzani?"

Mume alikuna shingo. "Mke wangu, usinione mbaya. Nikiacha mimi, atachukua mwingine."

Hapo hakusema uongo, na mkewe alilijua hilo. Unga usingeshuka hata senti.

"Basi achukue huyo mwingine," alisema, akimsogezea noti zake. "Huyo mwingine silali naye mimi."