Dirisha la Siku Thelathini

Duka la shangazi yangu lina dirisha kubwa linaloangalia barabara, na juu ya ukingo wake wa ndani hakuna maua wala picha. Kuna mkate, chupa ya jemu, kopo la siagi ya karanga, bakuli dogo la mafuta ya kupaka, vyote vimefunuliwa, kila kimoja na karatasi yenye tarehe. Wapita njia wanadhani tumepamba. Hatujapamba. Tunangoja vioze.

Hiyo ndiyo kanuni ya shangazi, na hajaiandika popote. Anayetaka tumuuzie kitu anaacha kimoja dirishani kwa siku thelathini. Kikiota ukungu ndani ya siku hizo, tunampigia simu siku hiyohiyo na kitu chake kinaingia rafuni. Kisipoota, kinarudi kwa mwenyewe pamoja na asante. "Kitu ambacho hata ukungu umekikataa," husema shangazi, "mimi nikipake kwa nini?" Asali na sabuni amezisamehe, kwa kuwa hizo hazina habari na ukungu. Vingine vyote vinapita dirishani. Halafu tunaviuza katika vikopo vidogo vya kutumika wiki mbili, vinakaa kwenye friji, na mteja anaambiwa mapema asije akatulaumu.

Watu wanaoleta vitu hawaambiwi kinachopimwa. Wanaambiwa tu, "Acha kimoja, rudi baada ya siku thelathini." Shangazi anasema wakijua watatuletea kitu kilichokwisha kuanza kuoza huko kwao. Waliokubaliwa nao wanakula kiapo cha kutosema. Muoka mikate wetu alipigiwa simu siku ya nne kwamba mkate wake umeota ndevu, akaja mbio kuomba radhi, akakuta shangazi anampongeza. Mpaka leo akipita dirishani huwa anatikisa kichwa. Yule bwana wa jemu, mwenye suti na kadi za jina, jemu yake ilikaa siku thelathini iking'aa vilevile. Alipoambiwa haifai alituita wehu, akaondoka na chupa yake chini ya kwapa.

Mimi ndiye muuzaji. Natoa vumbi, napima dengu, naandika tarehe, na kila asubuhi nakagua dirisha. Nimekula kiapo kama wengine.

Basi wifi yangu akaja na mafuta yake.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na kwa kazi ni msusi. Alikuwa msusi, niseme, mpaka dawa za kunyoosha nywele zilipomla mikono. Vidole vilipasuka kwenye viungo, vikawa havikunji vizuri, asubuhi kaka ndiye anamfungulia kifuniko cha chupa ya chai. Glavu zilimwasha zaidi ya dawa zenyewe. Akaanza kujipikia mafuta jikoni: mafuta ya parachichi, nta ya nyuki kidogo, na utomvu wa mshubiri alioupanda mwenyewe kwenye ndoo mbovu. Mikono ikapona. Akaacha saluni, akasema anataka kuishi kwa mafuta hayo. Kaka yangu, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa mahesabu, akamwambia sawa, lakini kama duka la shangazi halitamkubali, arudi kwa wateja wake. Hakuna duka jingine mjini la vitu vya namna hiyo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu: bakuli lile dirishani lilikuwa mikono ya wifi.

Lazima niseme pia jinsi nilivyokuwa nikimwona. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, kabla hata ya kukaa, alinitazama kichwani akasema mbele ya watu wote, "Wifi, hizi nywele nani alizifanyia hasira?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa rohoni miaka sita, na sioni haya kulisema.

Aliacha bakuli lake Jumatatu. Nikaandika tarehe kwenye karatasi, nikaibandika, na kona moja ya karatasi ikachanika kidogo nilipokuwa naivuta kutoka kwenye kitabu. Nakumbuka kwa sababu nilitaka kuandika nyingine nikaona uvivu.

Jumamosi wifi akaja kutusalimu. "Shikamoo shangazi. Wifi, mambo?" Akazunguka dukani, akasifu maharage, akasimama dirishani kwa muda akituonyesha kisogo na kusema barabara siku hizi ina magari mengi. Akaondoka. Jumamosi ya pili akaja tena, na barabara ikawa na magari mengi tena. Alipotoka nilikwenda kufuta kioo, nikaona karatasi ya bakuli ina kona zake zote nne.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Mwandiko ulikuwa wangu karibu kabisa, ila mimi tano yangu haina mkia. Nikanusa mafuta. Yalikuwa mabichi, ya jana au juzi. Ndipo nikaelewa ule mkoba wake mkubwa. Mwanamke alikuwa akitubadilishia bakuli kila wiki, akiweka jipya na kubeba la zamani, ili shangazi asije akaona doa hata moja. Mafuta yake yangeharibika vizuri kabisa, na yeye alikuwa akihangaika kuyaficha yasifaulu.

Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kumwambia, "Wifi, acha hilo bakuli," maneno manne tu, na nisingevunja kiapo hata kidogo. Sikupiga. Nilijiambia kiapo ni kiapo. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Fundi wa kila kitu, mwenye ulimi wake, alikuwa anajichimbia shimo kwa bidii kila Jumamosi, nami nikawa namkaribisha chai. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nilimpaka wiki mbili na zaidi.

Siku ya thelathini alikuja amevaa vizuri, na kikapu chenye vikopo ishirini vilivyofungwa kwa kitambaa safi. Kaka alimsindikiza mpaka mlangoni akabaki nje na simu yake. Shangazi akavaa miwani, akalichukua bakuli, akaligeuza kwenye mwanga, akaingiza kidole, akanusa.

"Siku thelathini," akasema.

"Thelathini kamili, shangazi," wifi akajibu, na uso wake ulikuwa unawaka kwa fahari. "Na hayajaharibika hata chembe. Si unaona mwenyewe?"

"Naona, mwanangu. Umeweka dawa gani humu?"

"Dawa? Sijaweka dawa."

"Basi ni miujiza, na mimi siuzi miujiza." Shangazi akaliweka bakuli chini polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesikitika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mshubiri una maji. Penye maji ukungu lazima uje. Mimi ninachouza ni kile kinachooza. Hiki chako hakiozi. Chukua kikapu chako, mama, na usinichukie."

Wifi alimtazama shangazi, kisha bakuli, kisha mkoba wake, na nikaona jambo lenyewe likimfikia. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema na yote yalikuwa mabaya: nimetia dawa, au nimekudanganya. Aliinamisha kichwa na kuvuta kikapu chake karibu kwa vidole vyake vilivyopona.

Sikupanga kusema. Nilisikia sauti yangu tu.

"Alikuwa anabadilisha," nikasema. "Kila Jumamosi. Alidhani yakioza atakataliwa."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Muda."

"Yaliyotolewa yako wapi?"

"Niliyamwaga," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Niliyaonea aibu."

Shangazi akavua miwani. "Haya. Mmoja kanidanganya na mwingine kakaa akitazama kama yuko sinema. Yote hayo nitayameza, maana ni damu yangu na mke wa damu yangu. Lakini ukungu uko wapi? Neno lako si ukungu." Akachukua kikopo kimoja kutoka katikati ya kikapu, akakifungua mwenyewe, akaandika tarehe mwenyewe, akakiweka dirishani. "Siku thelathini nyingine. Na wewe mkwe, usinikanyagie hapa mpaka nikuite."

Kaka alipoelezwa alifunga simu yake akasema, "Basi, kesho saluni." Hakuwa mkali. Mwezi ulikuwa umekwisha na neno lilikuwa neno.

Tangu siku ile nikawa nafika dukani mapema kuliko funguo. Nilikwenda dirishani kabla ya kuvua koti. Siku ya tano, hakuna kitu. Siku ya tisa, hakuna kitu. Muoka mikate aliniuliza kama nimepoteza pete. Siku ya kumi na mbili niliona doa, kumbe ni kivuli cha herufi ya jina la duka kwenye kioo. Nilianza kuogopa kwamba duka letu ni kavu mno, kwamba msimu umebadilika, kwamba safari hii yatagoma kweli. Shangazi alinitazama tu juu ya miwani. Nilijua kwa nini.

Siku ya kumi na tisa ukungu ulikuwa umekuja. Upande wa kushoto, karibu na ukingo, kijani, hauzidi kichwa cha pini. Nilimwita shangazi. Akauangalia, akanusa, akasema, "Mpigie." Sikupiga. Nilikwenda kwa miguu.

Saluni ilikuwa imejaa. Wifi alikuwa mwisho kabisa, mbele ya kioo chenye ufa, anampaka dawa mwanamke mmoja mnene aliyekuwa amefumba macho. Hakuwa amevaa glavu. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimepasuka vyote, na kwenye kidole gumba alikuwa amezungushia plasta iliyokwisha kulowa.

"Wifi," nikamwambia, "umeota."

Mkono wake ulisimama hewani na kitana. "Wapi?"

"Pembeni. Kijani. Shangazi anasema ulete kikapu."

Akacheka kidogo, halafu akafuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono kwa sababu vidole vilikuwa na dawa. Kisha akaacha kucheka. Akanitazama kwenye kioo, si usoni.

"Ulijua tangu lini? Shangazi alikuuliza, ukasema muda. Muda gani?"

"Jumamosi ya pili."

Mwanamke mnene akafumbua jicho moja akalifumba tena. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nywele zangu angezitaja ningefurahi.

"Kaa pale," akasema. "Nimalize kichwa hiki. Nikiiacha dawa itamuunguza."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikaa karibu saa nzima nikimwangalia akiosha, akisuuza, akikausha, na kila alipotumbukiza mikono kwenye maji alivuta pumzi kwa meno. Mteja alipotoka alikuja akakaa kando yangu, mikono ameiweka juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine.

"Mkoba huo hapo," akasema. "Mna kikopo. Nifungulie, vidole havikunji."

Nikafungua mkoba ule mkubwa ninaoufahamu, nikatoa kikopo, nikafungua. Nikachota. Alinipa mkono wa kulia kwanza. Nilimpaka kiungo kimoja baada ya kingine, polepole, na kila palipopasuka alikunja uso, lakini mkono hakuutoa.