Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Kitendawili! Nyumba yangu ina umri wa miaka mia nne, lakini ukiiegemea inakuachia rangi mgongoni. Unasema kaburi? Kaburi gani linapakwa rangi kila wiki? Unasema bibi aliyejipodoa? Mwone huyu! Umeshindwa, nipe mji. Bukoba sitaki, ninao tayari. Nipe Guangzhou, kule Uchina, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa akijenga kitu leo na kesho yake akikiita cha kale. Ahsante. Sasa tulia umwone Ma Agripina.

Ma Agripina aliuza vitambaa Bukoba na alikuja kuvinunua Guangzhou. Alikuwa mjane, na sauti yake ilikuwa kama kengele ya parokia: hata usiyekwenda kanisani ungeisikia. Siku hiyo alikuwa soko la Zhongda, katikati ya majora, akivutana bei na mwenye duka, na kijana Vedasto hakuona wakati mwingine wa kumwuliza jambo la maisha yake ila huo.

"Shangazi, mimi na Loyce tunapendana. Nyumbani wamesema neno ni lako. Je, unanipa?"

Loyce alikuwa binti wa kaka yake mama huyu, anasomea udaktari hukohuko. Ma Agripina hakugeuka.

"Shika hapa," akamwambia Vedasto, akampa ncha ya kitambaa, wakakivuta kuona kama kitaachia. Hakikuachia. "Na wewe, kazi yako hapa ni ipi hasa?"

Vedasto akakohoa. "Niko kwenye mvinyo, Shangazi. Kuna kijiji cha kihistoria cha Kiitaliano, nje kidogo ya mji."

"Kwenye mvinyo ni mahali. Nimeuliza kazi."

"Njoo Jumamosi utajionea."

"Haya. Ukijibu langu, nitajibu lako."

Kwao Bukoba, posa hutembea na pombe ya ndizi. Shangazi wa binti akipokea kibuyu mkononi mwa mposaji akanywa, amekubali, hata asipofungua mdomo kwa maneno. Ndiyo maana tangu ashuke uwanja wa ndege wa Baiyun, Ma Agripina hakupokea mkononi mwa Vedasto hata glasi ya maji. Aliletewa chai, akasema imepoa. Akaletewa soda, akasema ina gesi. Kiu ilimbana wiki nzima, lakini msimamo ni msimamo.

Jumamosi akaenda na Loyce, maana Loyce ndiye aliyejua Kichina. Vedasto alikuwa ametangulia alfajiri, "kuandaa", alivyosema. Basi likawashusha mbele ya lango la mawe lililoandikwa 1612. Ndani palikuwa na mnara ulioinama makusudi, na kanisa ambalo ukiingia unakuta duka la zawadi, na kengele iliyolia kutoka kwenye spika. Mizabibu ilikuwa imejaa vishada, kila kishada kimefungwa kwa waya.

Ma Agripina akaegemea lango apumzishe miguu. Alipoondoka, gauni lake lilikuwa jeupe mgongoni.

"Loyce, hiki kijiji cha lini?"

"Cha mwaka elfu moja mia sita na kumi na mbili, Shangazi." Loyce akampangusa. "Kimefunguliwa Machi."

Akaja kuwalaki laobani mwenyewe, ndivyo waitwavyo mabosi huko, Bwana Liang, amevaa suti nyeupe na amebana kwapani chupa yake ya chai.

"Anasema mababu wa Kiitaliano waliipanda mizabibu hii kwa mikono yao," Loyce akatafsiri.

"Mwulize waliipalilia plastiki kwa jembe gani."

"Hilo silitafsiri, Shangazi."

Wakaingizwa ukumbi wa kuonjea. Wageni wengine walikuwa wafanyabiashara kutoka mikoani, wamekuja kutafuta chupa za kuwazawadia wakubwa wao. Kila mmoja alipewa bilauri yenye mguu mrefu kama wa korongo. Mmoja akazungusha mvinyo wake, akafumba macho, akanena kitu kirefu.

"Anasema ananusa msitu baada ya mvua," Loyce akanong'ona.

Jirani yake naye akanusa kwa nguvu zaidi.

"Huyu ananusa msitu huohuo, ila upande wa mtoni."

Kisha wote wawili wakachukua soda ya ndimu wakaimimina humo, wakajaza mpaka juu, wakanywa kama watu wanaomeza dawa.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mtawa. Joho la kahawia, kofia yake imeangukia mabegani, kamba kiunoni, mikono imekunjwa kifuani. Ma Agripina akainama kwa heshima. Alipoinua kichwa akaona uso.

"Yesu na Maria! Vedasto ameweka nadhiri!" Akamkamata Loyce mkono. "Umeniletea mchumba mtawa? Nikamwambie nini kaka yangu, kwamba nimeipeleka posa konventi?"

"Shangazi, nitakueleza..."

Vedasto akaanza kuimba. Kiitaliano hakujua hata salamu, lakini alikuwa amepita seminari, na Kilatini cha seminari hakimtoki mtu hata kwa homa. Akaimba litania ya watakatifu, mmoja baada ya mwingine. Mgeni mmoja akauliza mbona Mwitaliano huyu ni mweusi hivi. Bwana Liang hakupepesa jicho.

"Anasema kusini mwa Italia jua ni kali," Loyce akatafsiri, uso ameuficha kwa kiganja.

Lakini Ma Agripina alikuwa amelelewa na masista enzi za misa ya Kilatini, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko akili. Kila mtakatifu alipoitwa, yeye akaitikia "utuombee" kwa Kilatini kilekile, kwa sauti ile ya parokia, na bilauri zikatetemeka mezani. Wageni wakageuka kumtazama. Kisha wakapiga makofi. Bwana Liang macho yakamwaka: Mwitaliano wa pili, tena wa bure!

Akamketisha kiti cha mbele, akafungua chupa yenye vumbi, akamwamuru mtawa ampe mgeni huyu kwa mikono yake mwenyewe. Vedasto akaja na bilauri. Alijua: shangazi akipokea akanywa, mbele ya watu wote hawa, Loyce ni wake. Ma Agripina naye alijua.

"Kwetu mwenye pombe huonja kwanza," akasema.

Loyce akatafsiri. Bwana Liang akacheka, akajipapasa tumbo, akasema daktari amemkataza. Akainua chupa yake ya chai kama ushahidi. Mtawa atamwonjea.

Vedasto akaonja. Jicho moja likajifumba.

"Enhe?" Ma Agripina akamkazia macho. "Ukisema nzuri, nakunywa. Na unajua nikinywa nimesema nini."

Kijana akaitazama bilauri, akamtazama Loyce.

"Usinywe, Shangazi," akasema. "Ni siki iliyotiwa sukari. Inakuja na madumu, sisi tunabandika karatasi na kupaka vumbi."

"Na kazi yako ni ipi?"

"Mimi..." Akaishika kamba ya kiunoni. "Mimi ndiye Mwitaliano. Kabla yangu alikuwepo Mrusi, akaondoka kwenda kuwa daktari wa meno kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Mimi ninavaa, ninaimba, ninainama, basi. Ni mpaka nimalize chuo. Nilitaka kukwambia mimi ni meneja, Shangazi, lakini ulivyoniitikia litania, nimeona haya."

Wageni hawakuelewa neno, ila waliona mtawa anaongea kwa uchungu na machozi yanamlenga, nao wakasimama wakashangilia.

"Anasemaje?" Bwana Liang akamwuliza Loyce.

"Anasema katika miaka yote mia nne, hakuna aliyewahi kuonja kitu kama hiki."

Basi masanduku yakaanza kubebwa. Bwana Liang, huku akikumbatia wateja, akatuma kumwuliza mama huyu kama angependa kuwa mkuu wa masista kila Jumamosi.

"Mwambie masista wangu Bukoba wakisikia watanitoa kwaya," Ma Agripina akajibu. Kisha akamgeukia Vedasto. "Na wewe vua hilo joho. Mimi simjibu mtawa."

Vedasto akalivua. Ndani alikuwa na fulana ya chuo, imelowa jasho. Akatazama huku na huku. Mezani palikuwa na chupa ya chai ya Bwana Liang, imesahaulika. Akamimina kikombe. Bila kuambiwa, akaonja yeye kwanza. Kisha akakitoa kwa mikono miwili.

Ma Agripina akakipokea. Akanywa na kiu yake yote ya wiki, mpaka majani ya chai yakabaki peke yake chini.

Kwa mila, hapo yamekwisha. Lakini Vedasto alikuwa amekaa Guangzhou muda mrefu mno, mahali ambapo mtu anaona kitu kwa macho na bado anauliza kama ni chenyewe.

"Shangazi, pale Zhongda nilikuuliza..."

Ma Agripina akafuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Nimekupa," akasema. "Ila pombe ya harusi itapikwa Bukoba."